Siku Ishirini na Moja Bila Jina

Moshi Mjini,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Mama yangu Mwanakombo, Muheza.

Shikamoo, Mama. Mimi ni mzima, ila kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekatwa na bati, si sana. Miguu yako inaendeleaje na ile dawa ya kuchua ya Shangazi? Usingizi unapata? Na ule mnazi ulioinamia jiko, mmeshaukata, au mnangoja uangukie sufuria?

Najua anayekusomea ni kaka Bakari. Kaka, shikamoo nawe, na soma yote. Barua ina kurasa nne. Mama, lazima usikie karatasi ikigeuzwa mara tatu. Ukisikia mbili, mwambie arudi.

Mjukuu wako amepata jina. Sitalitaja bado, maana nikilitaja sasa utamwambia Kaka aikunje barua. Kwanza sikia yaliyotangulia.

Siku Saumu aliposhikwa na uchungu mimi nilikuwa huko juu mlimani kwa mkulima mmoja wa kahawa, namfungia mifereji ya bati kwenye paa, futi arobaini na mbili. Asubuhi nilimwacha Saumu anafagia, hana neno. Majirani wote walikuwa wamekwenda sokoni. Aliyefika mlangoni ni yule mama anayetuletea maziwa, Mchaga, mjane, Mlutheri wa kuimba kanisani. Alimtazama Saumu, akatua kibuyu chake, akasema, "Maziwa nitauza kesho." Nilipofika saa kumi na ngazi yangu begani nilimkuta amekaa kizingitini, ameshanawa mikono.

"Wewe fundi," akaniambia, "weka ngazi chini. Una binti. Na kuni zako ni mbichi."

Mama, nililia. Kaka, soma hivyo hivyo: alilia.

Sasa nina neno langu. Wewe uliniahidi kwamba utakuja kumlea mzazi mpaka arobaini yake, na kwamba siku ya saba utakuwapo. Nikanunua blanketi la pili, zito, kwa ajili yako. Siku ya saba nikaenda stesheni. Walishuka watu thelathini na sita, niliwahesabu, na wewe hukuwamo. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaniambia, hakuna neno, akika yaweza kungoja siku ya kumi na nne, hata ya ishirini na moja. Siku ya kumi na nne walishuka kumi na tisa na beberu mmoja. Siku ya ishirini niliona barua ya Kaka. Ilikuwa na mistari mitatu: Mama haji, huko ni baridi, watoto wangu wana surua, nani atawatazama, na jina ni Mwanakombo, kama kawaida.

Kama kawaida! Mama, nyumba ya baba ni yake, minazi ni yake, mimi nilitoka hapo na mkasi wa bati na nyundo, na sikulalamika. Nililalamika kidogo. Lakini niliona kwamba mama naye asiwe wa Kaka peke yake, angalau kwa wiki sita.

Hizo siku ishirini na moja, Mama, hakuzikosa yule mama wa maziwa hata moja. Kutoka kwake kwenye migomba mpaka kwangu ni saa mbili kushuka na saa mbili na nusu kupanda, nimeupima mwendo huo kwa miguu yangu. Jumapili alikuja pia, ila alichelewa kwa sababu ya kanisa. Kila siku na chungu cha mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka hujui ipi ni ipi. Huko kwao mzazi hukaa ndani miezi mitatu analishwa tu, hagusi jembe wala ndoo. Saumu alipojaribu kusimama siku ya tano kuosha vyombo alifukuzwa na mwiko.

"Mama, kwetu ni arobaini tu," Saumu akamwambia.

"Arobaini ni za kwenu. Kiuno ni cha huku. Lala."

Mtoto alimwita Mgeni. "Mgeni amekunywa? Mgeni amelala?" Maana jina hakuwa nalo, tulikuwa tukikungoja wewe.

Siku moja alikuwa akifua nepi, nami nakata bati kando yake, nikamuuliza jina lake. Tangu tumfahamu sisi tulimwita Mama Maziwa tu.

"Kanisani ni Marta," akasema. "Mama yangu aliniita Manka."

"Na wajukuu? Nani amechukua la Manka?"

"Hakuna. Kwetu binti wa kwanza wa mwanao ndiye anayebeba jina lako. Mimi sikuzaa. Basi nitaondoka nalo." Akakamua nepi. "Sogeza ndoo, fundi, umeniwekea mbali."

Nilisogeza ndoo. Bati lile nililikata vibaya, inchi mbili nzima, na mimi sikosei vipimo.

Nilipiga hesabu usiku na mchana. Jina lako, Mama, ni zuri, na nani asemaye silo? Lakini Kaka amelitoa mara mbili, kwa mke mkubwa na mke mdogo. Dada Zuhura analo mmoja. Athumani, mdogo wangu, naye mmoja. Nilipokuja Idi nilisimama uani nikaita, "Mwanakombo, niletee maji!" Walitoka wanne, na maji sikupata, kila mmoja alidhani ameitwa mwenzake. Wa tano angekuwa wa kazi gani? Wewe huwezi kupotea. Yule mama alibakiwa na siku zake tu, na jina lingeondoka naye.

Basi siku ya ishirini na moja tulimchinja mbuzi, mtoto akanyolewa, na Mwalimu akaniuliza jina. Nikasema, "Manka binti Hamisi."

Mwalimu akakohoa. "Hilo ni jina la nani?"

"La aliyempokea."

"Lina maana mbaya?"

"Nimeuliza. Halina."

"Basi," akasema, akaomba dua.

Lakini jirani yetu, Mmanyema muuza maandazi, hakunyamaza. "Fundi! Mtoto huyo atakwenda chuoni au atakwenda kuimba na Wachaga?"

Saumu akamjibu kutoka ndani, na sauti imesharudi yote, "Atakwenda kila penye mtori, na kwako hatafika!" Ua mzima ukacheka, hata Mwalimu alificha uso kwa kanzu.

Aliyekuwa hacheki ni Bibi Manka mwenyewe. Alikuwa jikoni anageuza nyama. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu.

"Mae!" akashangaa kwa Kichaga chao. "Rudisha," akasema. "Hilo ni la mama yako. Umempita mama aliyekuzaa, ukampa mtu wa maziwa. Atasema mimi nimemwibia mjukuu. Mimi niwe mwizi uzeeni?"

"Bibi, limeshatajwa, na mbuzi ameshaliwa."

"Mama yako anajua?"

Nikashika kisu cha mbuzi, nikakifuta. Bibi akavua kanga aliyokuwa amefunga kiunoni, akaikunja, akapanda kwao. Nyama hakuionja.

Nilidhani tumempoteza. Saumu aliniambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu Kaka atayasoma kwa furaha. Lakini asubuhi saa mbili, Bibi huyo mlangoni, na maziwa, na jani moja refu la kijani alilolifunga fundo katikati. Hilo ni isale. Wanalipanda kwenye mipaka ya mashamba yao. Huku mtu akikukosea, akakuletea jani hilo, huna budi kumsamehe, hata kama ameua ng'ombe wako.

"Mpelekee mama yako," akasema.

"Kosa ni langu, Bibi, si lako. Na kwetu hawalijui jani hili."

"Basi mweleze. Wewe si unajua kuandika?"

Ndiyo maana naandika. Mama, ndani ya bahasha utaliona. Litakuwa limekauka kwa safari, lakini fundo halifunguki, nimejaribu. Nalileta kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Saumu anamwita mtoto Manka, nami namwita Manka, hata muuza maandazi sasa anamwita Manka. Bibi bado anamwita Mgeni. Anasema hatalitamka mpaka lifike neno kutoka kwako. Najua kila nitakaporudi kutoka posta atanitazama mikono kwanza, halafu uso.

Niandikie neno moja. Au lililo bora, lilete mwenyewe, surua ya kwa Kaka ikishapoa. Ukipandia Muheza huna haja ya kubadili gari. Likisimama Kahe usishuke, wengi hushuka hapo kwa makosa wakaishia njia ya Voi. Wewe kaa mpaka uone mlima mweupe kichwani. Blanketi lako bado halijafunguliwa.

Bibi anataka yeye ndiye akupokee stesheni, na chungu. Nikamwambia hakujui. Akasema atakujua. Maana huyu mtoto, Mama, paji la uso ni lako, kidevu ni chako, na akinyimwa ziwa hukunja nyusi kama wewe unapopewa chai isiyo na sukari. Wale wanne wana jina lako, na hakuna hata mmoja aliyechukua sura. Huyu sura ameichukua yote. Piga hesabu mwenyewe uone ni nani aliyepunjwa.

Nisalimie Shangazi mganga wa miguu, dada Zuhura na mumewe mkwezi, mdogo wangu Athumani, wake wote wawili wa Kaka, na Mwanakombo wote wanne kwa pamoja. Mjomba muadhini mwambie nilimwadhinia mtoto mwenyewe, sikukosea.

Ni mimi mwanao wa katikati,
Hamisi, baba yake Manka

Kaka, jani mpe Mama mkononi. Usiliweke dirishani ukalisahau.