Page 14 Niliambiwa Niondoe

Siku ya pili, 9/7/2024

Niko na hasira. Isidore, directeur, mwalimu anaongoza travail yangu, kitabu ya kumaliza université, amerudisha chapitre ya tatu. Sujet: juu ya nini inchi zaifu inashindaka inchi yenye nguvu. Vita ya Vietnam, vita ya Adoua, yote iko mule. Amesema ni muzuri: mwenye nguvu anachoka, anarudi kwake, muzaifu hana pa kurudi, anangoja.

Lakini page 14 niondoe. Page ya wale wanakufa wakingoja, bila mutu kuwauliza kama wanataka. Eti ni maombolezo, haiko science. Maombolezo! Yeye amelala mu nyumba ya bâche, hema ya wakimbizi, siku ngapi?

Nimeondoa. Nikikatala, narudilia mwaka. Karatasi nimeifungia humu mu cahier, daftari yangu.

Siku ya ine, 11/7

Nimepeleka travail ku site ya wakimbizi, kule tulikimbilia vita kutoka Djugu, Mama aone jina ya Baba pa dédicace, page ya kumukumbuka. Kwetu kitabu ya mutoto inasomwa kwa sauti, majirani wote wasikie. Michée, mudogo yangu, ndiye alisoma. "Mwenye nguvu anachoka" — alirudilia mara tatu. Vijana wakapiga mikono. Na miye nikacheka, mujinga miye.

Siku ya posho (Jumamosi), 13/7

Michée ameenda. Muke yake Lydie anasema alibeba panga na travail yangu, akafuata wenye silaha mu pori. Alimwambia: dada ameandika, tutashinda, ni kungoja tu.

Siye ni inchi gani? Niliandika juu ya serikali na majeshi, yeye akasoma shamba ya Baba, ile tuliacha Djugu. Mama haniongeleshi.

Siku ya tano, 19/7

Leo nimetetea travail mbele ya jury, wamenipa Distinction, pointi za juu. Hata mumoja wa jury hakuuliza ni nani alikufa. Wamenimwangia poudre ya furaha ku kichwa, mama wadogo wakaimba mpaka huku ku site. Mama hakuimba.

Kisha simu ya Mama ikalia, akanipa. Michée. Sauti chini. Walikuwa saba, wamebakia watatu. "Dada, umeandika mwenye nguvu anachoka. Siye tunachoka siku gani? Natafuta mu kitabu, sioni."

Nimefungua cahier, nikamusomea page 14, yote. Poudre inaanguka ku karatasi. Namusikia anapumua.

Sasa anauliza: "Hiyo uliiandika zamani?"

Ndiyo.

"Juu ya nini haukuiweka mule?"

Simu ingali wazi. Mama ananiangalia mudomo. Nashika bic tu, naandika jibu mbele ya kuisema: juu ya…