Gia ya Tatu Inachomoka

Jumatatu, 16 Juni
Mahindi magunia kumi, Handeni hadi Korogwe. Gia ya tatu imechomoka tena mlimani. Mara mbili. Nimeishikilia hadi kiganja kikauma. Na ule mlio. Gari limesimama, halina gia, giaboksi inalia kama mashine ya kusaga. Nikikanyaga klachi, kimya. Nikiachia, inalia tena. Najua maana yake. Beringi inakwisha.
Lakini Jumamosi namfuata Zai. Mwanangu, miaka tisa, anaishi Mashewa kwa bibi yake, mama wa mwanaume tuliyeachana naye. Baba yake amenikubalia wiki moja ya likizo. Sijamwona tangu Januari. Gari livumilie tu.

Jumatano, 18 Juni
Nimepita gereji kwa fundi Mhina, Korogwe. Akawasha, akatega sikio.
"Mama Zai, tuishushe leo. Siku tatu tu."
"Baada ya likizo, fundi."
"Giaboksi haina likizo."
Akafungua bolti ya pembeni, akaingiza kidole. Oili ilikuwa chini sana. Kidole kikatoka na chenga za chuma zinameta. Akaongeza oili. Nimeona aibu. Kila asubuhi naliona doa uani, chini ya gari. Nalifukia kwa mchanga.

Alhamisi, 19 Juni
Zai kwenye simu. Ameshafunga nguo zake. Kauliza kama atakaa mbele. Nimemwambia atakaa mbele. Jioni nimefua shuka ambalo lilikuwa safi.

Jumamosi, 21 Juni
Nilipita Magoma. Ya tatu ikakataa kukaa kabisa. Halafu harufu ya kuungua, na chuma kusagana. Nikasimama.
Ya pili ingenifikisha Mashewa. Lakini kurudi na mtoto, kwenye mteremko, gia ichomoke? Nimekaa nusu saa nimeshika usukani. Kisha nikageuza. Nimetambaa na gia ya pili hadi kwa Mhina.
Nikampigia bibi yake. "Shikamoo mama. Gari limeharibika. Kesho nitakuja na basi."
"Marahaba. Mtoto amekaa mlangoni tangu asubuhi, mwanangu."
Nimelia palepale gereji, mbele ya mafundi.

Jumapili, 22 Juni
Basi limefika Mashewa saa saba mchana. Zai hayupo. Baba yake ameondoka naye asubuhi kwenda Tanga, anakofanya kazi. Amesema hawezi kumsubiri mtu asiyekuja. Bibi alimwomba angoje basi. Hakungoja.
Ugali nimeuacha sahanini. Nalala kitandani kwa Zai. Mto unanukia mafuta ya nazi.

Jumanne, 24 Juni
Mhina ameifungua. Beringi imevunjika, vipande vimezunguka humo ndani na kutafuna meno ya gia ya tatu. Akanionyesha sili, duara la mpira lililochanika. "Oili ilianza kutokea hapa."
Mpira tu. Ningeubadilisha Machi, doa lilipoanza, leo ningekuwa na mwanangu.
Simlaumu baba yake. Hapana, namlaumu.

Ijumaa, 27 Juni
Gari limepona. Ya tatu inaingia bila kubembelezwa. Nimerudi nalo Handeni, tupu. Sikufurahi.

Jumamosi, 12 Julai
Shule zimefunguliwa, Zai amerudi kwa bibi yake. Nimekwenda Mashewa, nimepewa alasiri moja. Akanisalimia kutoka mlangoni, "Shikamoo," kama anavyowasalimia wageni. Akakaa mbali.
Bibi akaleta kitana, akaingia ndani. Nikakaa kwenye kigoda. Zai akaja taratibu, akakaa chini, akanipa mgongo nimsuke.
Nilikuwa nimefika mstari wa pili aliposema, "Siku ile ulikuja?"
"Nilikuja. Kesho yake."
Kisha akaegemeza kichwa kwenye goti langu.
Mistari minane tu. Nimeisuka hadi jua likashuka.