Nani Kakusamehe?

Chokocho, Pemba
3 Februari 2024

Talib,

Assalaam alaykum. Sijui kama salamu hii bado unaipokea, lakini ndiyo tuliyofundishwa nyumbani, mimi na wewe. Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Baba ndiyo hali yake ile ile, upande wa kushoto hauna kazi, kauli anayo. Wewe sikuulizi, nimekuona u mzima. Chokocho nzima imekuona.

Nakuandikia, sikutumii sauti, kwa sababu nikianza kusema nitalia, na sitaki unisikie nikilia.

Video yako imefika. Moza wa nyumba ya pili ndiye aliyeniletea, kanikuta jikoni nakuna nazi. Nimekuona umevaa suti, kipaza sauti mkononi, watu wamejaa mbele yako, unawaambia: "Nilimsingizia dada yangu wa tumbo moja, anaitwa Asma. Nilisema nimemwona akitoka bandani na mwanamme." Wakakushangilia. Ukasema, "Leo niko huru!" Ngoma zikapigwa, nawe ukarukaruka.

Uko huru na nani, Talib? Nani kakusamehe?

Maana mimi sijakusamehe. Hukuniomba. Au umesahau ilivyokuwa? Nilikukuta mchana wa Ramadhani unakula muhogo wa kukaanga nyuma ya skuli, nikamwambia Baba, Baba akakuchapa. Ukanuna, kisha ukamwendea yeye na ami Kificho ukawaambia umeniona na Rajab, fundi wa kushona, tunatoka kwenye banda la karafuu. Uongo mtupu. Posa ya Ame wa Kisiwa Panza ikarudishwa. Rajab wa watu akahama. Mama, Mungu amrehemu, alikufa akiniamini mimi. Lakini Baba tangu siku ile hajaniita mwanangu. Namfulia, namlisha uji, anafumbua mdomo kwa kijiko kisha anageuza uso.

Sasa watu wa Mwanza wasionijua wamejua jina langu. Na hapa kijijini nusu ya watu wamesikia "Asma" na "banda" na "mwanamme", yaliyobaki yamemezwa na ngoma zenu. Kwetu sisi mtu akikosa na Mungu akamsitiri, na yeye hujisitiri, akaenda kimya kimya kwa yule aliyemkosea. Wewe umejivua nguo hadharani na mimi ukanivua.

Nataka jambo moja tu. Njoo umwambie Baba kwa mdomo wako kwamba ulisema uongo, kabla hajafa. Nataka radhi za baba yangu.

Dada yako,
Asma


Mwanza
9 Februari 2024

Mpendwa dada Asma,

Bwana Yesu asifiwe. Najua hutaitikia, lakini nakusalimu hivyo hivyo. Sisi tu wazima, mke wangu Kabula anakusalimu, na watoto pia. Pole sana kwa kumuuguza Baba.

Barua yako imeniumiza. Nilidhani utafurahi. Miaka yote nimelala na jambo lile kifuani. Nilipookoka mchungaji alituambia dhambi isiyotajwa huoza ndani ya mtu, nikaitaja. Kutoa ushuhuda si kujivua nguo, dada. Ni kumwaibisha Shetani.

Umeuliza nani kanisamehe. Yesu kanisamehe. Aliyabeba yote msalabani, na hilo la kwako likiwemo. Nikilibeba tena nitakuwa namwambia kazi yake haikutosha. Ninyi huko mmezoea mizani, jema upande huu, baya upande ule, fulani atanikamata siku ya kiama. Wokovu ni zawadi, haununuliwi. Na wewe ukisamehe utapona. Hiyo hasira inakula wewe, mimi hainili.

Kuhusu Baba, nilimpigia simu mara mbili mwaka ule niliobatizwa. Ya kwanza alikata. Ya pili alisema mwanawe Talib alishakufa na hajui anaongea na nani. Sasa nikija huko nije kama maiti?

Nakuombea kila siku.

Mdogo wako,
Daniel (Talib)


Chokocho
11 Februari 2024

Talib,

Assalaam alaykum. Huyo Daniel mimi simjui, akipita hapo mpe salamu zangu. Kabula na watoto wasalimie kweli kweli, wao hawajanikosea kitu.

Hasira inanila mimi na wewe haikuli. Umeandika mwenyewe, wala hukuona haya. Hilo ndilo linalonikera, Talib. Kwamba haikuli.

Ulivyokula mchana wa Ramadhani ni baina yako na Mungu, akitaka kukusamehe mie sina neno. Lakini aliyesingiziwa ni mimi. Sisi tumefundishwa kwamba hata Yeye Mwenye kusamehe kila kitu haki ya mja hamnyang'anyi mja wake. Anangoja mja mwenyewe aseme. Wewe unaiita mizani. Mimi naiita heshima. Mungu ananiheshimu kuliko unavyoniheshimu wewe.

Nimemuuliza Shehe Abrahman. Kasema aliyemsingizia mtu toba yake haijakamilika mpaka arudi kwa wale wale aliowaambia, asimame mbele yao ajikadhibishe, akiri kwamba alisema uongo. Wale wale. Hakusema aende Mwanza akatafute wageni.

Na makofi! Umepigiwa makofi kwa dhambi uliyonifanyia mimi. Mie kwa dhambi ambayo sikuifanya nimeozesha wenzangu wote huku nimejificha jikoni, kwa sababu nikitoka ukumbini wanawake wananong'ona. Shosti zangu leo wana wajukuu. Wewe una suti.

Nirudie mara ngapi? Njoo umwambie Baba.

Dada yako,
Asma


Mwanza
27 Februari 2024

Dada Asma,

Salamu nyingi. Natumaini Baba kaamka na nafuu, na wewe mgongo haukusumbui kwa kumnyanyua.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikasirika, na bado nimekasirika. Barua yako nilimsomea Kabula nikitegemea atanitetea. Badala yake kaniuliza, "Kwa hiyo unapanda madhabahuni kutoa ushuhuda, na huyo dada mwenyewe hujamwomba msamaha?" Akanikumbusha kwamba Yesu kafundisha mtu akiwa anapeleka sadaka yake, akakumbuka nduguye ana neno naye, aiache sadaka hapo hapo aende wapatane kwanza. Nikamwambia hiyo naijua. Akasema, "Kama unaijua mbona uko hapa?" Tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila kunisemesha. Ndiyo kwanza nimeonja kidogo ya yale uliyoishi nayo wewe.

Lakini na mimi nina langu. Baba aliniamini kwa sababu nilikuwa mtoto wa kiume na nilikuwa nikimfuata nyuma kwenda msikitini. Wewe hakukuuliza hata swali moja. Mimi nilisema uongo mara moja, yeye kaushikilia mpaka leo. Mbona yeye humwandikii barua kali? Mbona mimi tu?

Na nikija najua atakachotaka. Atataka nisilimu kwanza ndipo anisikilize. Sitasilimu, Asma. Sikumfuata Yesu kwa mchezo, wala kwa kumkomoa Baba, wala kwa sababu ya mke.

Nisamehe. Ndiyo mara ya kwanza nakuandikia neno hili. Nilitakiwa nianze nalo.

Mdogo wako,
Talib


Chokocho
1 Machi 2024

Talib,

Assalaam alaykum. Neno lako nimelisoma. Sikujibu bado. Njoo kwanza.

Baba amezidiwa. Tangu juzi anaita watu awaage. Desturi unaijua, mgonjwa akiona safari imekaribia humshika kila mtu mkono, "Niwie radhi, nami nimekuwia radhi." Kamwita ami Kificho. Kamwita muuza samaki wanayegombana naye kila Ijumaa. Kamwita hata Khairat, ambaye Baba alimuulia kuku wake kwa jiwe zama za Mama. Khairat katoka pale analia. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha maji nikingoja zamu yangu. Akasema kachoka, nifunge mlango.

Umeuliza mbona yeye simwandikii barua kali. Kwa sababu namtaka, Talib. Natamani aniite jina langu kabla hajaondoka, na ukimtaka mtu kiasi hicho huwezi kumgombeza.

Sitaki usilimu kwa ajili yangu. Sitaki udanganye, umeshadanganya vya kutosha katika nyumba hii. Njoo ulivyo. Ukishuka Mkoani ami Kificho atakuwa bandarini anakusubiri.

Dada yako,
Asma


Dar es Salaam
10 Machi 2024

Dada Asma,

Salamu. Nimefika Dar, kesho asubuhi napanda basi la Mwanza. Sijui Baba kaamkaje leo, sikuwa na uso wa kupiga simu kuuliza.

Sikukuaga. Nilipotoka barazani nilinyoosha moja kwa moja mpaka barabarani, nikakuacha peke yako mle ndani. Hilo nisamehe.

Lakini nilisema, Asma. Nataka uniandikie kwamba nilisema. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, Shehe Abrahman yupo, ami Kificho yupo, wewe uko mlangoni umeshika ukingo wa buibui. Nikasema, "Baba, sikumwona Asma na Rajab. Sikumwona na mtu yeyote. Nilitunga, kwa sababu alikuja kunishitaki kwako." Akanitazama mpaka nikadhani analia. Kisha akasema yale: "Ntu alotoka kwenye dini hana ushahidi kwangu. Alonambia siku ile alikuwa mwanangu, Muislamu. Huyu mie simjui. Mtoeni."

Uongo wangu aliupokea na ukweli wangu kaukataa. Nimekasirika mpaka nashindwa kula. Ningetamka tu "nimerudi", angeniamini pale pale, na wewe ungepata ulichokililia. Neno lilifika mpaka ulimini. Nikalimeza. Sikuweza kumkana Yesu hata kwa ajili yako.

Sijui kama hapo nimekukosea mara ya pili. Kama nimekukosea, nakuomba msamaha na kwa hilo. Usipotaka kunisamehe, basi, lakini usiache kuniandikia.

Mdogo wako,
Talib


Chokocho
28 Machi 2024

Mdogo wangu Talib,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, mgongo unaniuma lakini sasa una mapumziko. Kabula hajambo? Mwambie nimemshukuru, mwambie na chakula sasa akupakulie kwa maneno.

Kuwa Baba amefariki ami Kificho alishakupigia simu. Ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, mwanzoni mwa mfungo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua nimpelekee nani.

Ulisema. Nimekuandikia kama ulivyotaka. Nilikusikia, Shehe kasikia, ami Kificho kasikia na kesho yake akavuka mwenyewe kwenda Kisiwa Panza kuwaeleza watu wa Ame. Simtaki Ame, ana wake wawili na mvi kichwa kizima. Nilitaka wajue.

Ulipotoka, Shehe Abrahman alimkabili Baba. "Mzee, hapa hapana ushahidi wa kukataliwa. Huyu kakiri kosa lake mwenyewe, na anayekiri kosa lake haulizwi dini. Muwie radhi binti yako." Baba akageukia ukutani. Siku zote zilizobaki nilimnywesha maji nikimwambia, "Baba, mie Asma." Kauli alikuwa nayo mpaka mwisho, Talib. Alimwomba ami Kificho amfunike miguu. Alitamka shahada yake vizuri, kila mtu akamsikia. Jina langu hakulitamka.

Lile neno ulilolimeza, nitakwambia kweli. Wakati ule nilitaka uliseme. Nilitaka udanganye, na ulipotoka nilikuchukia kuliko siku zote. Imenichukua muda kuona kwamba hapo nilikuwa nataka uongo wako wa pili unisafishe na wa kwanza.

Nimekusamehe. Siyo kwa sababu Yesu wako kashakusamehe, na siyo ili nipone. Nimekusamehe kwa kuwa uliniomba, ukaja, ukasema mbele ya wale wale. Dini uliyoishika inanisikitisha na itanisikitisha mpaka nife, na najua na wewe unanisikitikia vivyo hivyo. Leo tusigombane kwa hilo.

Sasa nikueleze maziko. Walipolinyanyua jeneza, ami Kificho alisimama barazani akasema yale yanayosemwa kwa kila maiti wetu, kwamba mwenye haki yake aje kwa warithi, na aliyekosewa na marehemu amsamehe, maana marehemu hawezi tena kumwomba. Wanaume nje wakaitikia, "Tumemsamehe." Wanawake ndani wakaitikia. Khairat kaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Moza akanigeukia kunitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimesikia kila neno, na sikuitikia.

Tumo katika kumi la msamaha, zile siku kumi za kati za mfungo. Watu wamejaa kwenye tarawehe, wanalia wasamehewe, na mimi nasimama nao safu moja naomba yangu. Nikifika kwa Baba nanyamaza. Shehe kaniambia mlango wangu wa kumsamehe uko wazi mpaka siku nitakayokufa, na kusamehe ni bora. Najua ni bora. Wewe nawe usiniandikie kunihubiria, wala usimsamehe kwa niaba yangu huko kanisani kwenu. Haki hii ni yangu. Nilimwomba neno moja akaninyima, na sasa yeye ndiye anayehitaji neno langu.

Siku nikiweza nitalitamka. Kwa sasa mwache angoje.

Dada yako,
Asma