Mashine Iliupindua Mlima Wetu

Alhamisi, mwezi wa nne, 1974

Mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukabaki umelala migombani kana kwamba hautaki kuamka. Nimeshinda siku nzima kama mtu anayetembea ndani ya ndoto ya mwenzake. Hata sasa, usiku umeshaingia na harufu ya moshi wa jikoni bado iko kwenye nguo zangu, sijui kama nimekwisha kutoka humo.

Nianze na mlima, maana yote yametoka huko.

Kampuni inayotaka kuchimba mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea vinyago, katika mlima wetu iliniajiri mwaka jana, kwenye ofisi yake ya Kisii mjini, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sichoki upesi. Mtaalamu wao wa miamba anaitwa Odhiambo, kijana wa upande wa ziwa, mpole, anayeongea na mawe zaidi kuliko anavyoongea na watu. Aliutoboa mlima mahali pengi kwa keekee refu, akatoa vijiti vya mawe, na kwa vijiti hivyo akauchora mlima mzima ukiwa umekatwa mapande, kama mche wa sabuni unavyokatwa dukani. Kila pande lina namba zake: liko umbali gani kwenda mashariki, umbali gani kwenda kaskazini, na liko tabaka la ngapi. Halafu aina ya jiwe: jeupe, la waridi, la kijivu, au udongo mtupu.

Kazi yangu ilikuwa kuzihamisha namba hizo kutoka kwenye michoro yake hadi kwenye karatasi za mistari, zipelekwe Nairobi, zitobolewe kwenye kadi, kadi zilishwe kompyuta. Kompyuta ndiyo ingetupangia kazi: pande lipi litoke kwanza, lipi lifuate, mpaka mlima uishe.

Mpaka mlima uishe. Niliandika hivyo bila kushtuka.

Miezi ile yote niliishi ndani ya mlima. Nilikuwa nikifumba macho tu naingia, napita kuta za waridi, nashuka ngazi ambazo hakuna aliyezijenga, nafika chumba cheupe chenye baridi. Juu ya chumba hicho, nilijua, magokoro amekaa anapepeta nafaka ya wimbi. Magokoro ndiye nyanya yangu, mama yake baba. Nyumba yake iko chini kabisa, mlima unapoanzia, karibu na mto. Kwenye michoro ya Odhiambo mapande yaliyo chini yake ni ya mwisho. Nilikuwa nikipiga hesabu nikiwa nusu usingizini: watakapofika hapo, hata mimi nitakuwa na mvi.

Basi mpango ukarudi kutoka Nairobi. Karatasi ndefu, imekunjwa na kukunjwa, ina matundu pembeni. Odhiambo hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao kumzika mjomba wake. Meneja aliitandaza mwenyewe mezani akatabasamu.

"Mashine ina akili," alisema. "Tuingie kutoka chini, kando ya mto. Tuanzie hapo."

Hapo palikuwa kwa magokoro.

Baraza likaitishwa. Meneja alisema kwa Kiswahili, mimi nikawekwa nitafsiri kwa Ekegusii, kwa hiyo ni kwa mdomo wangu magokoro alisikia kwamba nyumba yake ndiyo ya kwanza. Nilitegemea alie. Nilitegemea anitukane mbele ya watu. Aliuliza neno moja tu.

"Lini?"

Baba, ambaye ni mwanawe mkubwa, hakukubali. Alikwenda kwa chifu, akarudi, akaenda tena. Babu amezikwa pale, alisema, magokoro ataachaje kaburi? Lakini chifu aliinua mikono tu. Ikaamuliwa magokoro aende Nyaramba, kwa baba mdogo, kule kwenye majani chai na baridi. Lori likakodishwa Keroka.

Siku ya lori ilikuwa leo.

Sikwenda kumuaga. Nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba sikuwa na macho ya kuona ile nyumba ikivuliwa paa.

Odhiambo alikuwa amerudi, kimya zaidi ya kawaida. Amekuwa akikusanya viberiti vitupu kwa wenye maduka, akavipaka rangi na kuvipanga mezani viwe mlima mdogo, ili meneja aweze kuwaonyesha wageni. Ulipendeza mno, mlima ule wa viberiti. Kileleni kahawia, katikati waridi, chini vyeupe. Ningeweza kuutazama mpaka jioni.

"Nisomee mpango," aliniambia. "Wewe soma, mimi nitoe kimoja kimoja, tuone mlima unavyopungua."

Nikachukua karatasi ya mashine nikasoma namba za pande la kwanza. Akalitafuta kwa kidole. Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama kwenye kiberiti cha chini kabisa.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akakivuta. Nikasoma la pili, nalo lilikuwa chini. La tatu vilevile. Alipolivuta hilo, mlima wote ukaporomoka, viberiti vikatawanyika sakafuni na vingine vikaingia chini ya kabati.

Hakuviokota. Alisimama amezishika namba zake za zamani mkono huu na karatasi ya Nairobi mkono ule.

"Mimi nahesabu matabaka kutoka juu," alisema polepole, "kwa sababu keekee linaanzia juu. La kwanza ni lile lenye migomba. Sasa hawa wa mashine wanahesabu kutoka chini, kama mtu anayejenga nyumba. La kwanza kwao ni msingi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo namba zako ziko sawa, na zangu ziko sawa, na mashine imeona mlima uliosimama kwa kichwa."

Tukatazamana. Nikauona, wallahi niliuona: mlima wetu umening'inia, migomba inaelekea chini, mto unapita juu kama wingu, na magokoro ameketi kileleni peke yake anapepeta wimbi. Tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, kisha kicheko changu kikakatika.

"Odhiambo, nyanya anahama leo."

Alichukua ufunguo wa gari la kampuni.

Barabara ilikuwa tope tupu. Nilikuwa nikipanga maneno: magokoro, mashine ilikosea, shuka, rudi ndani, hakuna atakayekugusa. Nilijiona nikizivuta nyasi za paa kurudi mahali pake. Nilijiona nikisifiwa.

Tulifika lori likiwa limejaa. Kitanda, vyungu, magunia, kuku wamefungwa miguu. Paa lilikuwa limekwisha kushushwa na kuta zimebaki zimefumbua midomo kuelekea mbinguni. Baba mdogo alikuwa mbali kidogo, anakaza kamba na dereva. Baba hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa chifu kwa mara nyingine. Nilimwomba Odhiambo abaki kwenye gari, nikamfuata magokoro nyuma ya nyumba.

Alikuwa amesimama kando ya kaburi la babu, ameshika jembe. Alikuwa ametoka kulipalilia.

Nikamwambia yote. Nilimweleza kwa Ekegusii, nikihesabu kwa vidole vyangu kutoka juu na kutoka chini, mpaka nikaona ameelewa. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea.

Ulisawajika.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Mimi na yule kijana kwenye gari."

Akatazama upande wa lori. Akatazama kaburi. Akaishusha sauti, magokoro wangu ambaye hajawahi kushusha sauti kwa mtu yeyote.

"Moraa, mke haachi kaburi la mumewe. Watu watasema nini? Baba yako atasema nini? Nimekaa hapa na mto huu miaka yote tangu wewe hujazaliwa. Unajua usiku wa mahali hapa ulivyo? Unajua ninavyojibu nikijiita mwenyewe? Kule Nyaramba kuna watoto wanaolia ndani ya nyumba. Kuna mtu wa kumwambia chai imepoa."

Nilitazama mto.

"Nisingeweza kuondoka mpaka nifukuzwe," alisema. "Nikafukuzwa. Siku ile kwenye baraza nilikaribia kucheka. Sasa umekuja mbio, mjukuu wangu, kunirudisha."

Nilikuwa nimekuja na zawadi mikononi, na mwenyewe ananiomba niifiche.

"Utawaambia?"

"Lazima niwaambie, magokoro. Mpango ni lazima usahihishwe. Wataanza kuchimba pasipostahili."

"Sikukatazi kusema. Nimeuliza kama utasema kabla lori halijawashwa."

Nilitazama kuta zile zisizo na paa. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena kutoka kileleni, unaingia kwenye nyumba kutoka juu, bila kubisha hodi, unajaza chumba alimozaliwa baba. Nikafikiri: naujua mlima huu pande kwa pande. Najua jiwe la waridi linaanzia wapi na linaishia wapi. Na huyu magokoro aliyenilea sikumjua hata tabaka la kwanza.

Nikalichukua jembe mkononi mwake. "Twende," nikasema, "baba mdogo anakusubiri."

Odhiambo alishuka garini aliponiona. "Amesemaje?"

"Anasema asante kwa kuja. Amechagua kwenda."

Alinitazama, akamtazama magokoro, mfupi, mwenye miguu ya tope, na labda kwa sababu ni mtu wa mawe hakuuliza zaidi. Alimsaidia kupanda mbele, kando ya dereva. Magokoro akamshika mkono akamwambia neno la Ekegusii ambalo hakulielewa. Nilipoulizwa, nilisema amemwombea baraka. Kwa kweli alimwambia mikono yake ni baridi, atafute mke.

Lori likaondoka. Nililisikia kwa muda mrefu baada ya ukungu kulimeza.

Jioni hii baba alirudi kutoka kwa chifu, mnyonge, viatu mkononi. Ningeweza kungoja kesho. Lakini tulipokaa kula nilimwambia yote kwa mpangilio wake: viberiti, matabaka, kichwa chini, na kwamba magokoro aliondoka akijua angeweza kubaki. Mama aliacha kupakua. Mimi nikangoja ngurumo.

Baba alikuwa amemega tonge la ugali, akabaki nalo mkononi.

"Alilia?" aliuliza.

"Hapana, Baba. Alikuwa anacheka na dereva."

Mama alimsogezea mboga, yeye hakuiona.

"Siku aliyoletwa hapa kuolewa," alisema hatimaye, "alilia kutoka kwao mpaka mtoni. Alinihadithia mwenyewe nikiwa mtoto. Mimi nilidhani ni hadithi ya kunichekesha."

Akala lile tonge. Akanawa. Mlangoni akageuka.

"Jumapili nitakwenda Nyaramba nione wamempa chumba gani. Kaburi la baba nitakuwa nalifyeka mimi."

Sasa amelala, namsikia anakoroma. Asubuhi mimi na Odhiambo tutamweleza meneja, na najua atapiga kelele, kisha tutakaa tuandike matabaka yote upya, kuanzia msingi kwenda juu. Ni kazi ya wiki nyingi, na siiogopi. Ninachojiuliza usiku huu ni kitu kingine: ni watu wangapi katika nyumba hizi, walioketi kimya kando ya moto, wanangoja tu mtu aje awaambie kwamba wamefukuzwa?