Picha ya Themanini na Nane

Élisabethville, tarehe 16 Agosti 1954

Kwa yaya wangu Germaine, dada yangu mkubwa, Pweto

Amani ya Bwana iwe juu ya nyumba yako, juu ya mama, juu ya shemeji na watoto. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na kwamba kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekwenda na vumbi lake. Goti la mama linaendeleaje? Na je, anakula? Usiniandikie kwamba anakula kama hali. Mimi ni mzima. Ninaamka, ninakwenda kwa masista, ninawafundisha wasichana wangu wa darasa la pili kusoma na kushona, ninarudi nyumbani. Baridi ya hapa imeanza kulegea. Wakati wa mchana watu wanakaa tena nje.

Chileshe, dereva wa kamyo ya samaki, alinipa barua yako Jumanne, pamoja na kifurushi cha samaki wakavu. Nimewala, asante. Nimesoma kwamba matanga ya ndugu yetu Liévin yatamalizwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Kwamba wazee wamekubaliana Adalbert wa mama mdogo ndiye atakayerithi jina lake. Kwamba siku hiyo atavikwa ile triko yake ya mpira, ya kijani, niliyoituma mwezi uliopita, na kuanzia hapo mama atamwita Liévin, mwanangu. Umeniuliza kama ninafurahi kwamba ni Adalbert. Nilitafuta jibu ndani yangu, nikakuta kama chumba ambacho watu wamehama. Adalbert ni mtu mwema. Hilo najua.

Umeniuliza pia kama nimelia. Sijalia, yaya. Siku ya maziko wanawake wa kambi ya reli walinisukuma-sukuma mabega ili nilie, mmoja akasema, « Huyu masomo imemukausha. » Labda ni kweli. Tangu siku ile ninasikia watu kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Wanafunzi wananiita mara mbili kabla sijageuka.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jingine, na ili ulielewe lazima kwanza nikueleze habari za Jumapili zangu. Sikukueleza kamwe, kwa kuogopa kuchekwa.

Kila Jumapili baada ya misa ya pili ninakwenda kwenye barza ya mzee Nkandu, katika mtaa wa hapa mjini unaoitwa Kenya. Mzee Nkandu alikuwa fundi wa reli, sasa amepumzika. Hapo wanakutana watu wanaokusanya vitu vya mpira na vya mbio za baiskeli: picha ndogo zinazotoka ndani ya karatasi za chokoleti, foto za wachezaji, jezi, filimbi, hata kamba za viatu. Kila mmoja anakuja na kitu alichokipata juma lile, amekifunika kitambaa. Zamu yake ikifika anakifunua, anasema kimetoka wapi na amekipataje, na wenzake wanakigusa kwa ncha za vidole. Mwape, mpishi wa Wazungu, huleta picha za chokoleti ambazo watoto wa bwana wake wamezichoka. Moja ilikuwa na alama za meno, naye akashikilia kwamba alama hizo zinaizidishia heshima, kwa kuwa ni meno ya kule kule Ubelgiji. Mzee Nkandu, yeye, kila mwezi hufunua kamba nyingine ya kiatu cha winga mmoja wa zamani, mpaka Mwape akamwuliza mbele ya wote, « Mzee, ule muntu alikuwa muchezaji ao jongoo? » Tulicheka hata kikombe cha munkoyo kikamwagika mezani. Na yuko Godefroid, fundi cherehani. Huyo hapendi picha. Anataka nguo tu, nguo iliyovaliwa uwanjani, na anazitundika ukutani kwake kama mavazi ya padri katika sakristia.

Mimi ndiye mwanamke pekee. Wananiita Mademoiselle, na zamani walikuwa wananyamaza nikifika; siku hizi wananisogezea kiti tu.

Hapo kuna sheria moja. Watu wawili wakibadilishana, wanapeana mkono juu ya meza, wanakunywa munkoyo katika kikombe kimoja, na yamekwisha. Kitu kilichovuka meza hakiwezi kurudi kwa kubadilishwa tena na kile kile kilichokivusha. Mzee Nkandu anasema bila sheria hiyo tungekuwa tumekwisha kutoana macho.

Nilikuwa na albamu ya picha za chokoleti, yenye nafasi mia moja na ishirini. Kwa miaka miwili niliijaza, ikabaki nafasi moja, namba themanini na nane, ya kipa mmoja wa Ubelgiji. Sijui nikuambieje jinsi ule mraba mweupe ulivyonisumbua. Nilikuwa nikiuona nikifumba macho kanisani. Liévin alikuwa akirudi kazini anaifungua albamu pale pale, anaweka kidole juu yake na kusema nisipajaze, ni mahali pake, kipa wa namba ile amekwisha kufika hapa Katanga na anangojea foto tu. Unajua jinsi alivyokuwa akisema mambo yake huku anatafuna muhogo.

Siku ya fainali, mwezi wa tano, alizuia penalti kwa kuruka upande wa kushoto, na triko yake ikapasuka kiwiko. Niliishona mimi, kwa uzi mweusi, maana wa kijani haukuwepo. Baada ya hapo akanipa nimtunzie. Alisema siku moja nitawaonyesha watoto wake, kwa sababu yeye mwenyewe akiwasimulia wataona ni mwongo.

Jumapili ya tarehe 13 Juni niliipeleka kwa mzee Nkandu. Niliipeleka kuionyesha tu, yaya. Niliifunua, nikaeleza penalti, wakaigusa mshono mmoja mmoja. Kisha Godefroid akafunua chake. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa amempa sanduku la vitambaa vya kukata, na chini ya vitambaa mlikuwa na picha moja ya chokoleti, haina hata mkunjo. Namba themanini na nane. Akaisukuma mbele yangu kwa kidole kimoja. Akatazama triko. Mwape akasema, « Mademoiselle, kama unakataa, mimi nitalia kwa ajili yako. » Mkono wangu ulivuka meza. Nakumbuka munkoyo ulikuwa mtamu sana.

Niliibandika picha ile jioni ile ile. Nilijiambia kwamba Liévin atapewa triko nyingine msimu ujao, na kwamba nitamweleza wakati atakapokuwa amecheka kwa jambo jingine. Jumatano akaanguka na homa, Alhamisi wakamlaza hospitali, na Jumamosi saa nne asubuhi, mambo unayoyajua.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba ikaja barua yako ya kwanza. Uliandika kwamba mama anataka ile triko ya mpira, kwa sababu mtu akizikwa mbali nguo yake iliyokunywa jasho lake lazima irudi nyumbani, imngojee yule atakayelirithi jina. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Godefroid. Mlango ulikuwa umefungwa. Majirani waliniambia amekwenda Kambove kwa ndugu yake, na hawajui atarudi lini. Kamyo ya Chileshe ilikuwa inaondoka Ijumaa.

Basi yaya, sasa nakuambia. Triko iliyoko Pweto si ya Liévin.

Niliinunua sokoni, katika nguo zilizokwisha kuvaliwa. Ilikuwa kijani karibu ile ile. Nilipasua kiwiko cha kushoto kwa mkasi, nikaona mpasuko ni safi mno, nikaukwaruza kwa jiwe. Nikaushona kwa uzi mweusi, mishono kumi na moja kama ile ya kwanza, maana niliikumbuka. Nikaivaa siku mbili ndani ya nyumba ili isinuke soko. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nilikuwa kama ninawaonyesha wanafunzi wangu jinsi ya kutia kiraka.

Nilidhani nitaibadilisha mara tu Godefroid atakaporudi. Lakini ukaniandikia kwamba mama aliifungua, akaiweka usoni, akasema ni yeye, ni mwanangu, na kwamba tangu siku hiyo anailalia. Godefroid alirudi mwisho wa mwezi, nami sikwenda kwake. Nilijiuliza ni nani atakayeumia kama nikinyamaza, na sikumwona. Mpaka Jumanne hii, niliposoma kwamba Adalbert atavikwa. Mtu mzima, mwenye jina lake, atapewa jina la ndugu yetu ndani ya nguo ya mtu tusiyemjua hata kama yu hai. Hapo nikamwona wa kuumia.

Jana ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa. Baada ya misa nilikwenda kwa mzee Nkandu na albamu yangu chini ya kitambaa. Zamu yangu ilipofika nikaifunua, nikasema ninataka triko ya kijani. Mzee Nkandu akanikumbusha, kwa upole, kwamba themanini na nane hairudi kwa kile kile ilichokivusha. Nikasema hairudi peke yake. Zinakuja zote mia moja na ishirini. Mwape akasema, « Ee Mademoiselle ananunua triko na nyumba yake na kuku! » lakini safari hii hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akatazama chini.

Godefroid akasema niichukue bure. Alisema alidhani nimeiacha kwake kwa makusudi, mahali ambapo watu wataiona na kulitaja jina la Liévin. Kwamba kila mteja anayekuja kupimwa suruali anasimuliwa penalti ile. Mzee Nkandu mwenyewe alikuwa tayari kufumba jicho moja. Mimi nilikataa bure. Nilitaka kitu kinitoke. Tukapeana mkono, tukanywa, na kikombe kilipomfikia Godefroid akanywa kidogo tu, akakirudisha mezani.

Nilimfuata nyumbani kwake. Triko ilikuwa ukutani juu ya mti wa kutundikia, na chini yake karatasi iliyoandikwa jina, tarehe na magoli. Akaishusha kwa mikono miwili. Aliniambia, kama mtu anayejisifu kwa haki, kwamba ameifua mara tatu kwa sabuni na kuipiga pasi, na kuiwekea dawa ya nondo kila mkono. Nikashukuru. Njiani niliiweka usoni. Inanuka kabati, yaya. Hamna mtu ndani yake.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Chileshe anaondoka Jumatano, na katika kifurushi hiki utakuta triko yenyewe. Iliyovaliwa na Liévin haina harufu yake, na ile isiyokuwa yake sasa ina harufu ya mama. Wewe ndiwe mkubwa, na wewe ndiwe uliye karibu na mkeka wake. Kama utamwambia mama au utazibadilisha akiwa kisimani, kama utanitaja au hutanitaja, ni juu yako. Neno lolote litakalonipata nitalipokea. Nakuomba jambo moja tu, Adalbert avikwe ya kweli. Utaitambua kwa mpasuko: wangu wa uongo ni mzuri zaidi.

Ningeweza kukomea hapo, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika salamu. Lakini kuna kitu ambacho sikumwambia mzee Nkandu wala Godefroid, wala padri katika kitubio.

Ile Alhamisi ya hospitali nilikaa naye tangu adhuhuri. Blanketi ilikuwa moja, nyepesi, na unajua baridi ya hapa mwezi wa sita. Alikuwa anatetemeka hata kitanda kinalia. Aliniomba nimletee triko yake ya kijani. Alisema, « Laurentine, lete ile yangu ya penalti, hiyo iko na joto. » Nilimwambia nimeifua, na bado haijakauka.

Kutoka hospitali mpaka kwa Godefroid ni dakika ishirini kwa mguu. Alikuwa bado hajasafiri. Nilikuwa nasikia cherehani yake kichwani kama ipo chumba cha pili. Ningegonga, ningesema ndugu yangu anaona baridi, na hakuna sheria ya meza ambayo ingemzuia kunipa; jana nimeona hivyo kwa macho yangu. Lakini ningelazimika kusema mbele ya Liévin ilikokuwa. Nikabaki nimekaa. Nilimfunika kwa kitenge changu, akakizungusha shingoni. Saa tisa akaniuliza kama imekauka. Nikasema jua la leo ni dogo. Akasema, « Basi, ikikauka, » akageukia ukuta. Ijumaa hakuuliza tena, hakuwa anatujua.

Ndiyo hayo. Nimeyaandika na mkono wangu ni ule ule, unaona herufi zilivyonyooka.

Msalimie mama, umwambie ninafanya kazi vizuri na masista wananipenda. Msalimie shemeji na watoto, na Adalbert, umwambie nitamwita kama wote watakavyomwita. Mzee Nkandu, ambaye humjui, anakusalimia. Aliniomba niandike hivyo. Nitakuwa nanyi Jumamosi hiyo kwa sala, kwa maana masista hawanipi ruhusa ya safari ndefu kabla ya mitihani.

Na siku mtakapomvika, kabla mikono yake haijapita kwenye mikono ya triko, simama karibu naye useme kwa sauti ndogo, hata kama watu hawataelewa unasema na nani, kwamba imekauka.

Mdogo wako,
Laurentine Kasonde