Kiungo cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi tena! Asubuhi Wifi, mchana Wifi. Nani alimwingiza karakana hii? Mimi. Nani alimfundisha kwamba mashine yetu ya kuungia haiyeyushi kitu – pini inazunguka, inasugua alumini mpaka inalainika, halafu inazikoroga aina mbili, ngumu na laini, ziwe kitu kimoja? Mimi!

Leo bamba lake limevutwa kwenye mashine ya kupimia. Kiungo hakikuachia. Likakatika pembeni, upande wa alumini laini. Langu lilifunguka katikati kama zipu. Bosi akapiga makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza kafanyaje, kwa sauti ya kutojali. Akaeleza yote. Hana choyo hata kidogo – ndicho kinachoniudhi! Kabadilisha pande tu: ngumu kaiweka kushoto, laini kulia. Na kapunguza mwendo. Ukiikimbiza pini, anasema, alumini haiwahi kujaa nyuma yake, inabaki njia tupu ndani kama ya mchwa. Juu huoni kitu.

Na mimi siku zote nahangaika na mizunguko ya pini. Naongeza, napunguza. Kumbe pande!

Nyumbani mama mkwe anasema binti yake ana kichwa. Mume wangu anaitikia huku anatafuna. Kwani mimi nimebeba boga?

Alhamisi, 6 Machi

Kesho wanakuja wateja, watengenezaji wa vitanda vya magari ya wagonjwa. Kiungo kikiwaridhisha, aliyekifanya atapewa kitengo kipya akiongoze.

Mchana Wifi kapigiwa simu. Mwanawe ana homa kali. Akanishika mkono: “Wifi yangu, niungie bamba la kesho. Mashine nimeshaipanga, usiguse kitu. Sina mwingine wa kumwamini.”

Nikafunga mabamba. Nikawasha. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha mwendo –

Acha uongo, we mwanamke. Niliupeleka, nikaongeza mwendo.

Kiungo kimetoka kinang'aa. Kizuri mno.

Sijala.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia huku stoo. Mlango nimeufunga.

Wifi kaja, macho mekundu kwa kumuuguza mtoto. Akapitisha kidole juu ya kiungo. “Hee! Umenishinda!” Kisha mbele ya bosi na wageni akasema kazi hii ni ya wifi yake, ndiye aliyemfundisha yote, kitengo apewe yeye. Apewe yeye! Nimesimama palepale, glavu mkononi, kisha nikaja huku.

Sasa wanalifunga bamba kwenye mashine ya kuvuta. Hapa stoo kuna mabamba mengine mawili, ngumu na laini. Ningesema tu, subirini nirudie. Wangesubiri.

Wifi anagonga. “Wifi, toka basi! Wanataka ubonyeze wewe!”

Nimemjibu nakuja. Mabamba nimeyapakata, yote mawili, na ufunguo bado sijauzungusha.