Mkasi wa Baba Umetoka Kabatini

Nyumbani, orofa ya pili, mlango wa kijani
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Mgongo wako unaendeleaje? Mwanao ameshapona kikohozi? Wifi yangu naye hajambo? Sisi huku ni wazima, ila mimi nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Simu yako ya juzi imenikaa rohoni. Shangazi kakutumia picha ya kichwa changu, nawe bila hata kuuliza hali ukanifokea kwamba namchezea mzee, kwamba nimevuruga ratiba. Basi keti usome, Bwana Ratiba, maana kwenye simu hukunipa nafasi.

Tangu mama afariki nimefuata amri zako zote. Chai kwa saa yake, kuoga kwa saa yake, kulala kwa saa yake. Ukaagiza mkasi wake ufungiwe kabatini, asije akajikata. Nikaufungia. Baba, kinyozi wa mtaa mzima, akawa anakaa kitini kama mzigo unaomsubiri mwenyewe. Nikimuuliza atakula nini, anasema chochote. Akipeleka vijiko viwili mdomoni, anasukuma sahani.

Siku moja gesi ikaisha sufuria ikiwa motoni. Nilikuwa nimechoka. Nikachukua mkate na ndizi, nikatandika shuka sebuleni, nikamwambia leo tunakula chini. Nilidhani atanuna. Akashuka polepole, akala akamaliza, kisha akanikazia macho kichwani.

"We mama, nani kakuharibu hivyo? Lete mkasi."

Nikafungua kabati. Nikakalia ndoo iliyopinduliwa, lile shuka shingoni. Mkono wake ulitetemeka mpaka uliposhika nywele, ukatulia. Upande wa kushoto umebaki mrefu, sikatai. Nimekwenda nao kazini, wenzangu wamecheka, nami nimecheka nao. Hiyo ndiyo picha iliyokukera.

Siku hizi akiamka tu ananiuliza, "Leo tunakula wapi?" Juzi tulikula ngazini. Fundi viatu wa chini alikuwa anapita, akakaribishwa, akala, akanyolewa. Sahani anafuta baba mwenyewe, dirishani, huku akipiga soga na wapita njia. Shati analichagua kwenye kamba, liwe limekauka au halijakauka. Dawa anameza, usitafute pa kunishika.

Halafu wewe unaniambia, "Huyo ni mgonjwa, si kinyozi." Imeniuma sana. Baba si mgonjwa, ni mzee, na nyumba hii ilikuwa yake kabla haijawa ya ratiba yako. Ufunguo wa kabati usiniulize, nimeutupa.

Leo baada ya kula alikung'uta shuka, akalitupia begani, akauliza kwa sauti yake ile ya kibandani alipokuwa akinyoa watu, "Nani anafuata?" Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia aliyebaki ni wewe, nawe uko mbali. Akasema hana haraka, akaivuta ndoo karibu na mlango. Ninavyoandika hivi, shuka bado liko begani.

Msalimie wifi, na mwanao mwambie babu anamuulizia. Shangazi nitamsalimia mwenyewe, nina maneno naye. Mungu akupe afya, akupe nauli, na akuachie nywele mpaka ufike.

Wako akupendaye hata akinuna,
Dada yako